Kupanga safari ya Kilimanjaro na Meru: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayetoka Dar, Nairobi, Mwanza au Kampala, au aliye ughaibuni anayerudi nyumbani likizo, ambaye ameamua kupanda Kilimanjaro (mita 5,895) au Meru (mita 4,566). Wengi huanza kwa kuuliza buti gani wanunue. Buti zitafika kwa zamu yake. Tuanze na siku.

Nitenge siku ngapi mlimani?

Kwa Kilimanjaro, sita ndicho kima cha chini cha kujiheshimu, saba ni nzuri, nane ni bora. Safari za siku tano zinauzwa kila siku kwa sababu bei yake inavutia, na ndizo zinazorudisha watu njiani wakiwa na miguu mizima na vichwa vinavyopasuka.

Sababu ni hesabu tu. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne ulale tena palepale. Sasa chukua Marangu ya siku tano. Usiku wa kwanza unalala Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu Kibo, kama 4,720, na usiku huohuo unaamshwa kwenda kileleni. Umeruka mita 1,000 mara mbili mfululizo, halafu unaongezewa nyingine 1,175 gizani. Kileleni mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, maana yake kila pumzi inakuletea takriban nusu ya oksijeni uliyoizoea Kariakoo.

Mwili unajirekebisha, ila kwa ratiba yake. Kupumua kwa kasi kunaanza ndani ya saa chache. Figo zinachukua siku kadhaa kuzoea mabadiliko hayo. Damu inahitaji wiki. Mazoezi ya gym hayaharakishi hata kimoja kati ya hivyo. Ndiyo maana kijana mkimbiaji anaweza kulazwa chini na mlima huku shangazi yake wa miaka 55, anayekwenda taratibu kwa siku nane, akipiga picha kwenye kibao cha kilele cha Uhuru.

Ukiwa na pesa ya ziada ya kitu kimoja tu, nunua siku. Koti unaweza kukodi.

Kuna njia nyingi. Nichague ipi?

*Machame* ndiyo inayopitiwa na wengi. Unaanzia getini mita 1,800 hivi, unalala kambi ya Machame (2,835), kisha Shira (kama 3,800). Siku ya tatu unapanda hadi Lava Tower, juu ya mita 4,600, unakula chakula cha mchana huku kichwa kikigonga, halafu unashuka kulala Barranco, chini kidogo ya 4,000. Siku hiyo ndiyo inayoifanya njia hii kuwa nzuri: mwili umeonja juu, umelala chini. Asubuhi yake kuna Ukuta wa Barranco, mwamba wa mita 250 hivi unaopandwa kwa mikono na miguu. Unatisha kwa macho kuliko kwa vitendo, na hauhitaji kamba.

Hapa pana mtego. Machame ya siku sita inatoka Barranco moja kwa moja hadi Barafu (kama 4,670), na usiku uleule mnaondoka kwenda kileleni. Ya siku saba inalala Karanga katikati. Kwa hiyo ukiletewa ratiba, litafute neno Karanga kwenye orodha ya kambi za kulala. Lisipokuwapo, umeuziwa safari fupi.

*Lemosho* inaanzia magharibi, geti la Londorossi, na inaungana na Machame karibu na Shira. Siku nane zake ndizo tunazozipendekeza kwa anayepanda mara ya kwanza na mwenye uwezo. Msitu wa siku ya kwanza una wanyama wakubwa, wakiwamo nyati na tembo. Ubaya wake ni gharama, na saa kadhaa za barabara kutoka Moshi.

*Marangu* ndiyo njia pekee yenye mabanda ya kulala: vitanda, magodoro, meza za kulia. Kwa anayeogopa hema au anayepanda wakati wa mvua, hilo ni jambo kubwa. Ichukue kwa siku sita, ili siku ya tatu mbaki Horombo na kutembea hadi Mawe ya Pundamilia na kurudi. Jina la “njia rahisi” limeiponza: watu hudharau, huchukua siku tano, na wengi huishia Gilman’s Point, kwenye ukingo wa kreta (kama mita 5,685). Kutoka hapo hadi Uhuru bado kuna saa moja na nusu hadi mbili.

*Rongai* inapanda kutoka kaskazini, upande wa mpaka wa Kenya, ambako mvua ni kidogo. Ni chaguo zuri miezi ya mashaka. Hakikisha ratiba inalala kambi ya Mawenzi Tarn (kama 4,300) kabla ya Kibo.

*Umbwe* ni fupi na ya mwinuko mkali. Waachie waliokwishazoea hewa ya juu. Kuhusu kupitia Western Breach, mwanya wa upande wa magharibi wa kreta, jibu letu ni hapana. Mawe huporomoka pale. Januari 2006 yaliua wapandaji watatu, na bei nzuri haibadilishi mawe.

Nianze na Meru kwanza?

Ukiwa na siku nne za ziada, ndiyo, na hata bila Kilimanjaro mbele yake Meru ni safari kamili. Uko ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha. Mnaingilia Momella, kama mita 1,500, mkiwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu siku ya kwanza mnapita katikati ya nyati na twiga. Usiku wa kwanza Miriakamba (2,514), wa pili Saddle (3,570). Mchana wa siku ya pili mnapanda Meru Ndogo (3,820) na kurudi, kwa ajili ya kuzoea hewa. Kisha usiku mnafuata ukingo wa kreta hadi kileleni.

Ukingo huo ni mwembamba kuliko chochote utakachokanyaga kwenye njia za kawaida za Kilimanjaro. Mahali pengine kuna mteremko pande zote mbili, na asubuhi ya baridi mwamba unaweza kuwa na barafu. Mwenye kizunguzungu cha kimo aujue ukweli huu kabla ya kulipa. Malipo yake ni jua likichomoza nyuma ya Kilimanjaro, na kilima cha majivu cha Meru kikiwa chini ya miguu yako.

Ukimaliza, pumzika siku moja au mbili mjini, halafu uende Kilimanjaro. Ukikaa wiki mbili Dar katikati, faida kubwa ya mazoea hayo imeshayeyuka.

Msimu upi ni mzuri?

Januari hadi katikati ya Machi, na mwishoni mwa Juni hadi Oktoba. Januari na Februari anga ni safi, theluji inawezekana. Julai na Agosti ni kukavu lakini kambi zimejaa wageni wa Ulaya na Marekani. Masika, kuanzia Machi mwishoni hadi Mei, njia za msituni hugeuka tope na hema halikauki hata siku moja.

Vipi tarehe 9 Desemba? Makundi mengi ya Watanzania hupanda ili wafike kileleni siku ya Uhuru, kumbukumbu ya mwenge uliopandishwa na Alexander Nyirenda mwaka 1961. Nenda, ila ujue ni wakati wa vuli: koti la mvua la kweli, mifuko isiyopitisha maji ndani ya begi, na soksi za akiba mbili zaidi.

Ukiwa huru kuchagua, panga usiku wa kileleni uangukie mbalamwezi. Mwezi mpevu juu ya theluji unatosha kuzima taa.

Naweza kupanda peke yangu bila kampuni?

Hapana. Kanuni zinataka kiongozi mwenye leseni na usajili getini, hata kama ulizaliwa Marangu na babu yako alikuwa akipeleka mizigo Horombo.

Mbona mimi ni raia na bado naambiwa bei kubwa?

Kwa sababu punguzo la raia liko kwenye ada za hifadhi tu. Ada zina makundi matatu: raia wa Afrika Mashariki, wageni wakazi, na wageni wasio wakazi. Zinahesabiwa kwa siku (kiingilio) na kwa usiku (kambi au banda), juu yake kuna ada ya uokoaji na VAT. Tofauti kati ya raia na mgeni ni kubwa mno. Lakini mpishi, wapagazi, gesi, chakula na gari havijui uraia wako. Mpandaji mmoja Machame kwa kawaida anahitaji kiongozi, mpishi na wapagazi watatu au wanne. Hao ndio bei yako.

Njia halali ya kushusha bei ni kundi. Watu sita hadi kumi wanagawana viongozi, mpishi na usafiri. Njia isiyo halali ni kupunguza wapagazi na siku, na hiyo utaikuta imefichwa ndani ya bei inayoonekana tamu.

Getini kinachoangaliwa ni hati. Beba kitambulisho halisi cha taifa au pasipoti. Picha kwenye simu ni mwanzo wa mabishano asubuhi ambayo kila mtu anataka kuondoka. Mzaliwa wa Tanzania anayetumia pasipoti ya Uingereza au Marekani ajiandae kulipa kama pasipoti inavyosema, isipokuwa ana kibali cha ukaazi. Malipo ya hifadhi hayafanywi kwa fedha taslimu: kampuni inapewa kumbukumbu namba, inalipa benki, kwa kadi au kwa simu. Omba uone risiti yenye idadi ya siku. Ni siku ngapi umelipiwa hifadhini ndilo swali ambalo karatasi haiwezi kudanganya.

Nitajuaje kampuni nzuri?

Usiulize asilimia ya wanaofika kileleni. Kila kampuni itakuambia tisini na kitu. Uliza kuhusu wagumu, jina ambalo wapagazi wanajiita wenyewe na wanalistahili. Wanalipwa shilingi ngapi kwa siku, na lini? Wanakula mara ngapi? Wanalala wapi? Anayejibu kwa tarakimu bila kusitasita anajua kazi yake. Anayejibu “usiwe na wasiwasi, hao wamezoea” amekwisha kukujibu.

Mzigo wa mpagazi mmoja una kikomo cha kilo 20, na mizigo hupimwa kwa mizani getini. Begi lako lisizidi kilo 15, begi la kulalia likiwamo. Lipime nyumbani. Likizidi, ama unatoa vitu mbele ya foleni, ama anaongezwa mpagazi na unalipa wewe.

Mengine ya kuuliza: kiongozi ana mafunzo ya huduma ya kwanza? Wana chupa ya oksijeni na kipima oksijeni cha kidoleni? Kuna kiongozi wa kushuka na mgonjwa huku wengine wakiendelea? Kwa kundi la watu wanne, kiongozi mmoja peke yake hatoshi. Mmoja wenu akiugua saa tisa usiku, ama wote mnashuka ama mgonjwa anashuka na mtu asiyejua la kufanya.

Nafikaje, na nifike lini?

Mabasi ya Dar hadi Moshi yanachukua siku nzima, kama kilomita 550. Kutoka Nairobi unapita Namanga hadi Arusha, au Taveta na Holili moja kwa moja hadi Moshi. Kwa ndege ni KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, katikati ya Arusha na Moshi. Mnaoingia kutoka nchi zenye homa ya manjano, Kenya na Uganda zikiwamo, bebeni kadi ya njano ya chanjo.

Fika siku mbili kabla, usiku mmoja kwa uchache. Anayeshuka basi saa nne usiku na kuanza kupanda asubuhi ameshatumia akiba yake ya usingizi. Tena mzigo wa ndege ukichelewa, buti ziwe mguuni mwako, siyo ndani ya mzigo.

Nifanye mazoezi gani?

Wiki nane hadi kumi za kutembea, kupanda na hasa kushuka. Watu wa Dar mna tatizo la tambarare: tafuteni jengo la ghorofa kumi, mpande na kushuka ngazi kwa saa moja mkiwa na begi la kilo sita, mara tatu kwa wiki, na mwisho wa wiki mwende Pugu, Lushoto au Uluguru. Walio Nairobi wana Ngong na Longonot. Pima hivi: uweze kutembea saa sita Jumamosi na tena saa nne Jumapili bila maumivu ya goti. Kuishi Nairobi, mita 1,700 hivi, kunasaidia siku za kwanza; kwenye 4,700 hakuna mji unaokulinda.

Vifaa: ninunue, nikodi au mitumba?

Vyote vitatu. *Nunua* buti, soksi na nguo za ndani. Buti ziwe na nafasi ya kidole kimoja nyuma ya kisigino ukiwa umesukuma mguu mbele, na uzivae wiki nne kabla. Kata kucha za miguu siku mbili kabla ya kuanza. Baada ya kileleni mtashuka karibu mita 2,800 siku hiyohiyo, na kucha ndefu ikigonga buti mara elfu kadhaa inang’oka.

*Mitumba* ni kwa nguo za katikati. Memorial pale Moshi, au Karume Dar, utapata masweta ya flisi, suruali za kutembelea, kofia na glavu kwa bei ya soda chache. Soma kile kitambaa kidogo cha shingoni: polyester au sufu, chukua, pamba, acha. Pamba ikilowa jasho haikauki, na saa kumi alfajiri inakuwa kitambaa cha barafu mgongoni. Jinzi ziache nyumbani kabisa. Vuta zipu mara tatu juu na chini kabla hujalipa.

*Kodi* begi la kulalia, koti nene, fimbo za kutembelea na kinga za buti. Vyote vinapatikana Moshi na Arusha. Begi la kulalia liwe la baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri au zaidi, na usiliamini kwa maandishi tu: litandaze sakafuni, subiri dakika kumi. Kama halijavimba, manyoya yake yamekufa. Koti la mvua limwagie kikombe cha maji. Maji yakisambaa badala ya kuteleza, tafuta jingine.

Kwa usiku wa kileleni unahitaji: nguo za ndani za joto, sweta la flisi, koti nene, koti la juu la kuzuia upepo, suruali mbili hadi tatu, glavu nyembamba ndani ya glavu nene, kofia inayofunika masikio, taa ya kichwani na betri mpya, nyingine mfukoni. Miwani ya jua yenye kinga halisi ni lazima. Mtu anaweza kuungua macho kwa theluji na asijue hadi jioni.

Ugonjwa wa mwinuko unaanzaje, na kipi ni cha hatari?

Kichwa kuuma pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu usio wa kawaida au kizunguzungu: hiyo ni hali ya kawaida, na dawa yake ni kutopanda zaidi hadi ipungue. Panadol inaruhusiwa. Pombe na vidonge vya usingizi haviruhusiwi, vinapunguza kupumua usiku wakati unapokuhitaji zaidi.

Hatari ni mbili. Ya kwanza ni maji kwenye ubongo: mtu anayumba kama mlevi, anajibu mambo yasiyoeleweka, anakuwa mkali au mkimya kupita tabia yake. Mpe mtihani wa kutembea mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole. Akishindwa, anashushwa. Ya pili ni maji kwenye mapafu: anahema akiwa amekaa, anakohoa, midomo inageuka rangi, mwishowe povu la waridi. Anashushwa vilevile, sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku na mvua inanyesha. Mita 500 hadi 1,000 chini hubadilisha mambo. Kosa linaloua ni “tusubiri kukuche”.

Usifiche dalili. Kiongozi akikuuliza asubuhi umelalaje, anakusanya habari. Ukimwambia “poa” kwa kuona aibu mbele ya wenzako, unamfunga macho.

Kipima oksijeni kisichukuliwe kama msahafu. Kwenye kambi za juu namba za themanini na kitu ni za kawaida. Kidole cha baridi na rangi nzito ya kucha huvuruga kipimo, na kwenye ngozi nyeusi vifaa hivi huweza kusoma asilimia kadhaa juu ya hali halisi. Mtu anayumba na kifaa kinasema 85? Amini miguu yake.

Ninywe Diamox, dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko?

Muulize daktari, na umwambie utalala hadi mita 4,700. Dozi ya kinga inayotumika sana kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Utakojoa mara nyingi, vidole vitawasha kama vimekaliwa, na soda itapoteza ladha. Jaribu siku mbili nyumbani kwanza. Dawa hii ni ya ukoo wa salfa: kama uliwahi kuvimba au kubabuka kwa Septrin au Fansidar, taja hilo kabla ya kitu kingine. Na haifanyi siku tano kuwa saba.

Nina seli mundu, presha, kisukari, au ni mjamzito. Je?

Mwenye ugonjwa wa seli mundu asipande. Oksijeni ikipungua, seli zinajikunja na kuziba mishipa. Hata aliyebeba nusu tu, yaani aliyeirithi kwa mzazi mmoja na asiyewahi kuugua maishani, anaweza kupata maumivu makali ya bandama akiwa juu. Maumivu ya ghafla chini ya mbavu za kushoto kwa mtu kama huyo ni ishara ya kushuka. Katika nchi zetu wabebaji ni wengi na wengi hawajui. Kipimo ni cha damu tu, kifanye.

Presha iliyodhibitiwa na kisukari kilichodhibitiwa vinazungumzika na daktari. Insulini isiachwe igande, ikae kifuani. Mjamzito aahirishe.

Jambo moja linalosahaulika: homa kali si dalili ya kawaida ya mwinuko. Mtu wa Dar au Mwanza akipanda joto hadi nyuzi 39 pale Shira, fikiria malaria aliyokuja nayo. Kipimo cha haraka hakina uzito. Kiwemo kwenye begi la dawa.

Chakula je? Halali? Na mfungo?

Wapishi wa mlimani ni hodari: uji, mayai, supu, wali, tambi, viazi, ndizi, hata ugali ukiuagiza. Halali iseme siku ya kulipa, si siku ya kupanda, kwa kuwa nyama hununuliwa Moshi kabla ya kuondoka. Hamu ya kula hupotea baada ya Shira. Supu na uji ndivyo vitakavyopita. Beba kashata, korosho, tende na biskuti za tangawizi.

Kupanda ukiwa umefunga hatukushauri. Unahitaji lita tatu hadi nne za maji kwa siku, na kupungukiwa maji kunafanana na ugonjwa wa mwinuko kiasi kwamba kiongozi hatajua anatibu nini. Msafiri ana ruhusa ya kulipa baadaye. Au panga baada ya Idi.

Maji yanatoka wapi?

Vijito, kisha yanachemshwa. Barafu na Kibo hakuna maji. Wapagazi wanayabeba, Barafu kutoka bonde la Karanga. Kumbuka hilo unapotaka kunawa miguu saa kumi na moja jioni. Vidonge vya klorini hufanya kazi kwa dakika 30, zaidi kwenye maji ya baridi. Chupa za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku mlimani, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019. Njoo na chupa ngumu mbili za lita moja. Moja ijazwe maji ya moto usiku na uingie nayo kwenye begi la kulalia, imevishwa soksi.

Choo na hedhi?

Kambi zote zina vyoo vya shimo, vingine vizuri, vingine utakumbuka. Kundi linaweza kukodi choo cha kubeba chenye kihema chake. Kwa watu wanane gharama yake ni ndogo mno kulinganisha na furaha yake. Mwinuko huweza kuvuruga mzunguko wa hedhi, kwa hiyo beba pedi hata kama si tarehe zako, na mfuko wa kurudisha zilizotumika chini.

Usiku wa kileleni unakuwaje hasa?

Mnaamshwa kama saa tano usiku, chai na biskuti, mnaondoka karibu saa sita. Mbele yenu ni mita 1,200 za kupanda kwa saa sita hadi nane, baridi ikifika nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri ukihesabu upepo. Mwendo ni hatua moja, pumzi moja. Ukishindwa kuongea sentensi nzima, unakwenda kasi mno.

Yanayoharibika ni yaleyale kila usiku. Mrija wa maji unaganda ndani ya saa moja, kwa hiyo tumia chupa, tena ikae kichwa chini: barafu huanzia juu, na mdomo wa chupa unabaki wazi. Betri ya simu inakufa kwa baridi. Ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Watu huvaa kila kitu tangu kambini, wanaloa jasho kwa dakika arobaini, halafu wanatetemeka hadi asubuhi. Ondoka ukihisi baridi kidogo. Mapumziko yasizidi dakika tano. Kula kipande kila saa hata kama hutaki.

Stella Point (au Gilman’s, kwa wanaotoka Kibo) ni ukingo wa kreta. Uhuru kaa dakika 15 hadi 20, piga picha, shuka. Siku bado ni ndefu: mchanga unaoteleza hadi Barafu, kulala saa moja, kisha hadi kambi ya Mweka, mita 3,100. Jumla ni saa 12 hadi 16 za miguu. Wengi huumia kushuka, wakati akili imeshafika nyumbani.

Simu zinashika? Na uokoaji?

Mtandao unashika sehemu nyingi kuliko unavyodhani; kampuni ya simu ya TTCL ilifikisha intaneti mlimani mwaka 2022. Usiutegemee kwa dharura, kiongozi ana mawasiliano yake. Mgonjwa hushushwa kwa machela ya gurudumu, na helikopta huruka hali ya hewa ikiruhusu. Swali ni nani analipa. Soma bima yako: nyingi huishia mita 3,000 au 4,500. Iwe imeandikwa wazi kwamba inafika mita 6,000, na usidhani bima ya afya ya kazini inalipia helikopta.

Bakshishi ni kiasi gani?

Wageni wa nje huambiwa dola 20 hadi 25 kwa siku kwa kiongozi na 8 hadi 10 kwa mpagazi, kutoka kwa kundi zima. Makundi ya wenyeji hukubaliana kiwango chao kabla ya kupanda, na hilo ni sawa mradi lisemwe mapema. Namna ya kutoa ni muhimu kuliko kiasi: bahasha ya kila mtu, au kiasi cha kila cheo kitangazwe kwa sauti mbele ya wote. Ukimkabidhi mmoja fungu la kundi, usishangae.

Nina siku moja tu, au nina watoto.

Umri wa chini wa kupanda hadi kileleni ni miaka 10. Kwa siku moja, tembea kutoka geti la Marangu hadi Mandara na kreta ya Maundi, saa sita hadi saba kwenda na kurudi, ndani ya msitu wenye mbega. Kiingilio na kiongozi ni vilevile. Moto wa kuni hauruhusiwi popote. Mioto ya Oktoba 2020 na Oktoba 2022 iliteketeza eneo kubwa la vichaka, na makovu bado yanaonekana.

Cheti napata wapi?

Kwenye geti la kushukia, Mweka au Marangu, baada ya kujaza daftari. Kinataja ulipofika: Gilman’s, Stella au Uhuru. Jina linaandikwa kama lilivyo kwenye daftari, kwa hiyo liandike kwa herufi kubwa, na ukisome kabla hujapanda gari.